"Dereva Hajulikani" Si Jibu



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wazazi mnaowatuma watoto madrasa jioni, leo sitaandika juu ya twahara wala mirathi. Nitaandika juu ya maneno mawili niliyoyasikia mara nyingi mno, Gitega na Muyinga, kituoni na msibani, kwa wenye kofia za serikali na kwa wenye kofia za Ijumaa: "Dereva hajulikani." Yakishasemwa hayo, watu wanatikisa vichwa, wanasoma Innaa lillaahi, na kesi imezikwa. Mimi nasema maneno hayo yamekuwa shuka la kufunikia uvivu wetu, na wapo wanaofunikia dhambi kabisa.

Nianze na lililonifika. Mtoto wa binamu yangu, umri wake miaka 11, alikuwa anarudi kutoka madrasa baada ya Maghribi, pembeni mwa barabara inayotoka Muyinga kwenda mpakani Kobero. Gari ikamgonga, ikaenda zake. Mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Mimi nilikuwa Gitega. Nikapigiwa simu usiku, nikapanda hiasi ya kwanza ya alfajiri kupitia Karusi, na nikafika kabla ya Adhuhuri.

Nikakuta nini? Damu imemwagiwa maji na mchanga. Vipande vya kioo vimefagiwa na mwenye duka vikatupwa mtaroni, naye ni mtu mwema, alikuwa anaogopa mtoto mwingine asije akakanyaga. Kanzu ya mtoto, iliyokuwa na alama nyeusi mgongoni, mama yake ameshaifua. Watu sita niliotajiwa kwamba waliona, kila mmoja ananiambia, "Ustadhi, mimi sikuona vizuri, muulize fulani." Polisi hawakuwa wamefika, kwa sababu hakuna aliyewaita. Nilipokwenda mwenyewe kutoa taarifa, afisa aliyenipokea akaniuliza dereva ni nani. Nikamwambia hatumjui. Akafunga daftari akasema, "Mkimjua, mtarudi."

Mkimjua mtarudi! Kama ningekuwa namjua, upelelezi ungekuwa wa kazi gani?

Lakini sitamtupia afisa yule lawama zote, kwani nilipotoka pale nilikaa na nafsi yangu nikajiuliza: hata angekubali kwenda, angekuta nini barabarani? Ushahidi wote tulikuwa tumeuosha, tumeufagia na tumeufua sisi wenyewe, kwa nia njema. Siku ya pili tulishuka mtaroni tukaokota vipande. Kimoja kilikuwa plastiki ya rangi ya machungwa yenye herufi za kiwandani. Fundi mmoja wa magari akatuambia hiki ni kifuniko cha taa ya pembeni ya lori. Vizuri, lakini kilianguka wapi? Juu ya lami, au kule pembeni alipokuwa anatembea mtoto? Hakuna aliyeweza kusema, na kuapa juu ya jambo usilolijua ni haramu.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Watu wanachanganya maswali mawili. La kwanza: nani aliyegonga? La pili: je, aliyegonga alikosea? Tumezoea kudhani kwamba la pili haliwezi kujibiwa mpaka la kwanza lijibiwe. Si kweli. Kosa linaweza kuthibitika na jina bado halijulikani, kwa sababu kosa liko barabarani. Kioo kilichoanguka nje ya lami kinasema gari iliacha njia yake. Alama za breki zinasema dereva aliona akajaribu kusimama, na urefu wake unaeleza mwendo aliokuwa nao. Zikikosekana kabisa, zinauliza alikuwa anatazama wapi. Shahidi anayesema "ilikuwa na taa moja tu" hajataja jina la mtu, lakini ametaja kosa. Jeraha lenyewe linaeleza, kama daktari ataandika liko upande gani wa mwili na kwa urefu gani kutoka ardhini, kwamba mtoto alipigwa kwa nyuma akiwa anatembea, hakurukia barabara ghafla kama watakavyodai baadaye.

Na kinyume chake pia ni kweli, na hiki ndicho kilichoniumiza zaidi. Hapa Gitega tulikuwa na mwenzetu, baba wa watoto watano, aliyekuwa akitoka alfajiri na baiskeli yake kwenda kwenye kazi zake. Akakutwa amelala pembeni, amekufa, baiskeli imejikunja. Kabla ya Adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Hakuna daktari aliyemtazama, hakuna PV iliyoandikwa, baiskeli ikauzwa chuma chakavu. Mzee mmoja wa ukoo akasimama makaburini akasema, "Familia imesamehe." Miezi ikapita. Kisha kijana mmoja wa gereji, dhamiri ikimsumbua, akaja kusema kwamba siku ile ile aliletewa gari iliyobonyea upande wa mbele, akaambiwa ainyooshe haraka na asiulize maswali. Yaani dereva sasa alikuwa karibu kujulikana. Mjane akaenda kwa mwanasheria, naye akamwuliza jambo moja tu: iko wapi karatasi inayosema mumeo aliuawa na gari? Hakuna. Iko wapi inayosema alikuwa upande gani wa barabara? Hakuna. Dereva anaweza kujulikana kesho au mwaka ujao, lakini ushahidi wa kosa lake una saa chache tu.

Watasema wenzetu: "Ustadhi, hii ni kadari, kwa nini unawasumbua watu?" Naam, ni kadari, na mimi naifundisha kila mwaka kwa watoto. Kuvunjika kwa mguu ni kadari. Na kwenda kuripoti ni kadari, na kumpata dereva ni kadari vilevile! Mbona mwizi akiiba mbuzi wako hulali ukasema kadari, unapiga kelele kilima kizima? Suratun-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyeua kwa makosa, asiyekusudia. Hakuambiwa aende nyumbani akalale kwa kuwa ilikuwa kadari. Ana deni la kafara kwa Mola wake, na asiyepata cha kukomboa anafunga miezi miwili mfululizo. Na ana deni la diya kwa familia ya marehemu, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Dereva Mwislamu anayesoma ukurasa huu, na aliwahi kusikia kishindo usiku akakanyaga mafuta badala ya breki, basi ajue miezi hiyo miwili inamngoja, hata kama polisi hawamngoji.

Na kuhusu kusamehe: ni wao wenyewe wasamehe, si mzee wa ukoo. Diya ni haki ya warithi, na warithi wa yule mwenzetu walikuwemo watoto wadogo. Wanafunzi wangu wa darasa la mirathi wanajua kwamba mali ya yatima haisamehewi na mtu mwingine kwa niaba yake. Mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake, na Allah atamlipa. Lakini kusimama makaburini ukagawa sadaka fungu la mtoto wa miaka minne, ukapata sifa ya upole kwa mali isiyokuwa yako, huo upole ni wa namna gani?

Turudi kwenye sheria ya nchi, kwani wengi wetu tunaiogopa bila kuijua. Kitabu cha Tatu cha kanuni za kiraia, cha tarehe 30 Julai 1888, ambacho sisi na jirani zetu wa Kongo tumekirithi tangu enzi za Wabelgiji, kina vifungu vitatu ambavyo kila baba wa familia angepaswa kuvijua. Kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyesababisha hasara kwa kosa lake kuilipa. Cha 259 kinaongeza kwamba uzembe na kutochukua tahadhari pia ni kosa, si lazima awe amekusudia. Na cha 260 kinasema mtu anawajibika pia kwa kosa la wale anaowatuma kazi, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake.

Kisome tena hicho cha 260. Kama lori ni la tajiri, na aliyeliendesha usiku ule ni dereva wa kibarua ambaye hata tajiri hakumbuki jina lake, tajiri anajibu. Na nyuma ya tajiri iko bima yake, ambayo kwa gari ni ya lazima. Kwa hiyo mnapopoteza wiki nzima mkiuliza "dereva nani, dereva nani", mnatafuta kitu kisichohitajika kwanza. Tafuteni gari! Nambari moja ya gari ina thamani kuliko majina kumi ya madereva.

Na nambari haziko mbali. Barabara ya Kobero inapitisha malori ya nchi nyingi, na kila nchi ina herufi yake ya kuanzia: T ni Tanzania, R ni Rwanda, U ni Uganda, K ni Kenya. Hata ukikumbuka herufi ya kwanza na tarakimu mbili tu, pamoja na rangi ya kichwa cha lori na maandishi ya turubai, mpaka una madaftari ya magari yanayopita. Gari ya nje haiko nje ya sheria. Ipo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo imo katika mpango wake, na kazi yake ni hiyo hiyo, kwamba aliyeumizwa na gari ya nchi jirani alipwe hapa hapa kwao. Jambo jingine la kuangalia: kule Tanzania wanaendesha kushoto, sisi kulia. Dereva aliyevuka mpaka usiku, usukani wake uko upande wa ukingo wa barabara, hawezi kuona vizuri linalokuja mbele yake akitaka kulipita gari jingine. Shahidi aliyeona usukani ulikuwa upande gani ameshapunguza orodha ya magari kwa kiasi kikubwa.

Wapo pia wanaoniambia, "Tukifuatilia tutalipwa pesa ya bima, na bima ni haramu." Subhaanallah. Wewe hukununua bima. Wewe unadai deni kwa aliyekuvunjia mtoto mguu. Alipe kwa kuuza ng'ombe au alipe kupitia mkataba alioulazimishwa na serikali, hiyo ni hesabu yake. Nimemwona mtu akikataa fidia kwa hoja hii, kisha akakopa pesa ya hospitali kwa riba mtaani. Huyo haramu ameiacha mlangoni akaipokea dirishani.

Sasa nije kwenye lawama yetu nzito zaidi. Madereva wanaokimbia wana udhuru mmoja wanaousema wakiulizwa, na si uongo wote: wanaogopa kupigwa. Tumewafundisha sisi. Gari ikigonga mtu, kabla ya kumtazama majeruhi kuna mikono inayofungua mlango wa dereva na mingine inayobeba mzigo. Ndiyo maana nasema kwa uadilifu kwamba kukimbia peke yake hakuthibitishi kuwa dereva alikosea alipogonga. Kukimbia ni kosa lingine, kubwa, la kumwacha mtu akitokwa na damu. Lakini hakimu akimsikia akisema "niliogopa kuuawa", atamsikiliza, na lile la kwanza bado mtadaiwa mlithibitishe. Anayeogopa watu ana njia ya kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho mbele. Asiyekwenda kituo chochote, akapeleka gari gereji usiku, huyo hakuwa anakimbia kipigo.

Tena tuna tabia mbaya ya kusimamisha lori linalofuata. Lile lililogonga limekwenda, basi linalokuja nyuma linarushiwa mawe, ati wote ni wale wale. Wanafunzi wa hadithi wanakijua kisa cha Abdullah bin Sahl, aliyekutwa ameuawa Khaybar, kimepokewa na Bukhari na Muslim. Muuaji hakujulikana. Jamaa zake walikuja kwa Mtume (S.A.W.) na dhana yao walikuwa nayo. Wakatakiwa waape viapo hamsini ndipo wapewe haki juu ya mtu. Wakasema, tutaapaje na hatukuona? Tazameni uchamungu wa watu wale, damu ya ndugu yao bado mbichi, na wanakataa kuapa juu ya wasichokiona! Viapo vya upande wa pili nao hawakuviridhia. Na Mtume (S.A.W.) hakusema basi, muuaji hajulikani, nendeni nyumbani. Aliwalipa yeye diya, ngamia mia moja, ili damu ile isipotee bure.

Kwa hiyo mambo mawili yamo ndani ya kisa kimoja: asibebeshwe mtu asiyethibitika, na aliyeumia asirudi mikono mitupu kwa sababu tu mkosaji amejificha. Nchi zilizofikiri vizuri zimefika hapo hapo kwa njia yao. Jirani zetu Rwanda wana Mfuko Maalumu wa Dhamana, na sheria yake ya 2011 inahusu walioumizwa na gari isiyojulikana au isiyo na bima, na hata walioumizwa na wanyama wa porini. Afrika Kusini wana mfuko wao wa ajali za barabarani, chini ya sheria ya 1996, na anayegongwa na gari isiyojulikana anaudai mfuko wenyewe.

Lakini msidhani mfuko ni zakati. Kule Afrika Kusini, aliyegongwa na asiyejulikana bado anatakiwa athibitishe kwamba huyo asiyejulikana alikuwa mzembe. Na muda wake wa kudai ni miaka miwili tu, wakati aliyegongwa na gari inayojulikana ana mitatu. Zamani walikuwa na sharti kali zaidi, kwamba uwe umetoa maelezo ya kiapo polisi ndani ya siku 14 tangu uwe na uwezo wa kufanya hivyo, ukichelewa huna kitu. Mwaka 2007 Mahakama yao ya Katiba ililifuta sharti hilo katika kesi ya Engelbrecht, kwa kuwa lilimfungia mtu mlango wa mahakama. Mimi nimefurahi lilifutwa. Hata hivyo fundisho linabaki: mfuko uwepo au usiwepo, asiye na ushahidi halipwi. Hapa kwetu wanaosimamia kampuni za bima ni ARCA, na viongozi wa misikiti wana kalamu na mihuri. Waandike kwao barua rasmi wakiuliza mtu aliyegongwa na gari isiyojulikana analipwaje, na nani, na kwa karatasi zipi, kisha majibu yabandikwe ubaoni msikitini. Mbona barua za kuomba mabati tunaziandika vizuri sana?

Nyumbani na msibani, tafadhalini, fanyeni haya. Majeruhi apelekwe hospitali kwanza, hakuna mjadala. Kisha watu wawili wabaki mahali pa ajali mpaka polisi wafike, na kama hawafiki, mwenye simu apige picha za kioo, alama na barabara yote kabla ya ufagio, na jirani aweke mawe pale vipande vilipoanguka. Nguo zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Daktari aombwe aandike majeraha, yote, si "ajali" tu. Kwa maiti, kuharakisha mazishi ni sunna, lakini daktari kuutazama mwili kwa nje na polisi kuandika PV hakuchukui hata muda wa kuchimba kaburi. Majina ya walioona yaandikwe usiku ule ule, kwani kesho wote watakuwa hawakuona vizuri. Na nyinyi mlioona: Suratul-Baqara, aya ya 283, imemtaja anayeficha ushahidi kuwa moyo wake una dhambi. Usiseme "mambo ya polisi siyataki" kisha ukasimama safu ya mbele.

Mafundi wa gereji nanyi, wengi wenu nawajua na watoto wenu nawafundisha. Gari ikiletwa alfajiri, taa imevunjika, na mwenyewe hataki kusema iligonga nini, andika nambari yake na tarehe. Kunyoosha bati si dhambi. Kunyoosha ushahidi ukijua, hiyo ni nyingine.

Mtoto wa binamu yangu anatembea sasa, kwa kuchechemea. Baba yake aliuza nusu ya shamba la kahawa kulipa gharama, na nusu iliyobaki haitoshi. Hatujapata shilingi hata moja ya Tanzania wala faranga ya Burundi.

Kwenye madrasa yetu nimetundika daftari mlangoni, na penseli kwa uzi. Watoto wanaohifadhi juzuu nzima hawashindwi na herufi na tarakimu chache, basi nimewafanyia mchezo: kila anayerudi nyumbani kando ya barabara kuu akiona gari inakwenda ovyo, au ya taa moja, asisimame wala asikimbie nyuma yake, aikariri nambari na kesho aiandike. Ijumaa iliyopita nililifungua nikakuta nambari tisa. Mbili kati ya hizo ni ya gari moja, imeandikwa na watoto wawili tofauti kwa siku mbili tofauti, na mmoja ameongeza kwa mwandiko wake: "taa ya kushoto haipo." Jumamosi nimeipeleka polisi wa barabarani, na safari hii daftari halikufungwa.

Wassalaam alaykum.